Simba hana cheti cha kuzaliwa

SWALI

Shikamoo mzee. Nipo mwaka wa pili chuo cha wanyamapori, kwetu ni Manyoni. Tumefundishwa kuwa katika uwindaji wa kitalii simba dume hapigwi mpaka afikishe miaka 6. Kanuni nimeielewa, utekelezaji ndio unanitatiza. Mtu amejificha kibandani, mita 60 kutoka kwenye chambo. Atajuaje kwamba huyu ana sita na yule ana minne? Na kwa nini sita? Halafu kuna swali la babu yangu, nilishindwa kumjibu. Yeye alifungwa kwa pongo mmoja aliyemwinda ili wanawe wapate kitoweo, na mgeni anapiga simba kwa ajili ya kichwa huku akisindikizwa na askari. Mwisho, niwie radhi mzee, wewe mwenyewe uliwahi kukosea umri?

JIBU

Marahaba mwanangu. Tuanze na pua.

Simba mdogo ana pua ya waridi, kama ufizi. Anavyokua vinajitokeza vidoa vyeusi, vidogo kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, kisha vinaongezeka na kuungana. Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Serengeti ambao umri wao ulijulikana, na mwaka 2004 walionyesha kwamba weusi huo unapanda pamoja na umri. Dume ambaye nusu ya pua yake au zaidi imeshakuwa nyeusi, mweke kwenye miaka 5 au 6 kwenda juu. Darasani inaeleweka vizuri sana. Porini utakuta simba aliyetoka kula ana damu na tope mpaka machoni, na saa kumi na mbili asubuhi chini ya mkwaju kila pua ni nyeusi.

Wateja wanaokuja kuwinda wanaangalia manyoya ya shingo, maana ndiyo yatakayoonekana ukutani. Usiyaamini sana. Serengeti dume wa miaka 5 anaweza kuwa amejaa mpaka kifuani. Kule Selous, ambako sehemu kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, joto na vichaka vinawaacha hata wazee na manyoya haba, na Tsavo wapo madume ambao ni kama hawana kabisa. Manyoya yanakusaidia zaidi kumkataa mnyama kuliko kumkubali: ukiona yamesimama utosini kama kijana aliyenyoa kiduku, na mashavuni bado hayajashuka, huyo ni mtoto, funika darubini yako.

Kinachobaki ni uso na mwili. Subiri apige mwayo. Meno ya chonge yakiwa meupe na makali, shaka. Yakiwa ya njano, butu, moja limevunjika ncha, ndio mwelekeo. Tazama makovu, midomo iliyolegea, tumbo linaloning'inia, na madoa ya utotoni kwenye miguu kama yameshafifia. Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Siku hizi wanafunga kamera kwenye mti wa chambo, wanapata picha za dume yuleyule siku tatu au nne kabla hajasogelewa, na kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa kilichookoa simba wengi wadogo kuliko hotuba zetu zote.

Baada ya mnyama kufa ndipo ukaguzi wa kweli unaanza. Fuvu linachemshwa, meno yanapigwa picha, na jino dogo la kwanza nyuma ya chonge, taya la juu, linapigwa eksirei. Ndani ya jino kuna uwazi. Kwa simba mdogo ni mpana, kwa mzee umezibana mpaka umebaki kama uzi. Hapo hakuna kubishana na manyoya. Adhabu inapanda kadiri mnyama alivyokuwa mdogo, na nyara inaweza kuzuiwa isitoke nchini.

Kwa nini sita? Dume huondoka kwenye familia aliyozaliwa akiwa na miaka 2 au 3, anazurura na ndugu zake, na akifika 4 au 5 ndipo anapata ubavu wa kuwafukuza wenye eneo. Akishalitwaa, anaua watoto wachanga aliowakuta, na majike wanaingia kwenye joto upya. Watoto wake yeye wanahitaji kama miaka 2 ya kulindwa na baba. Sasa mwondoe akiwa na minne: hujaua simba mmoja tu. Umemfungulia mlango dume mwingine, na vitoto vya familia nzima vinamfuata baba yao. Ukisubiri sita, walau uzao mmoja umeshajitegemea. Hesabu za Packer zilionyesha kwamba sharti hili likifuatwa kwelikweli, simba wanaweza kudumu hata pale mgawo, yaani idadi ya simba wanaoruhusiwa kuwindwa, ulipokadiriwa vibaya. Hapo kwenye "kwelikweli" ndipo kazi yako itakapokuwa.

Ila umri usikupumbaze. Cecil wa Zimbabwe, aliyeuawa Julai 2015, alikuwa na miaka kama 13. Kwa kipimo cha umri sidhani kama kuna mkaguzi angemkataa. Lakini alijeruhiwa kwa mshale usiku, nje kidogo ya hifadhi ya Hwange, na akabaki na jeraha saa nyingi kabla hajamalizwa. Mwanafunzi akiniambia "si alikuwa mzee tu?", namuuliza alichukua muda gani kufa.

Babu mpe salamu zangu, na usimdanganye. Sheria ya wanyamapori ya 1974 haikumuuliza habari ya njaa, wala hii ya 2009 isingemuuliza. Zote zinauliza leseni. Wahadzabe wa Yaeda na Ziwa Eyasi wameachiwa upinde wao, yeye hakuachiwa wa kwake. Mimi ningependa kujua alimpataje huyo pongo. Kama ni kwa waya, sitamtetea: waya haumjui jike mwenye mimba, na mara nyingi aliyeutega harudi hata kuukagua, mnyama anaozea pale. Kama alimnyatia, akachagua dume, akampiga mara moja, basi alikuwa anafuata maadili ambayo sisi tunayafundisha kwa ada.

Siku hizi kuna leseni ya uwindaji wa wenyeji, na tangu kanuni za 2020 kuna bucha za nyamapori zinazotambuliwa. Ni hatua, lakini bunduki na gharama za leseni bado si za mtu mwenye jembe. Watakaokwambia tufunge uwindaji wote, waambie Kenya ilifunga mwaka 1977, na utafiti uliotoka 2016 ulikuta wanyama wakubwa kwenye nyanda zake za malisho wamepungua kwa karibu theluthi mbili. Mimi niko upande wa uwindaji wenye masharti. Lakini kijiji kinacholala macho kulinda ng'ombe, halafu kinaona gari za kitalu cha uwindaji zikipita na vumbi tu, hakina sababu ya kumvumilia simba wa umri wowote, na hilo tumelifanyia mzaha miaka mingi.

Kukosea, nilikosea. Nilikuwa askari wa kusindikiza msafara huko Rungwa, siku ya kumi na saba kati ya 21. Mteja amechoka, mwindaji bingwa anayemwongoza amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka. Dume akaja kwenye paja la nyati tuliloning'iniza mgungani. Manyoya meusi mpaka kifuani, kovu chini ya jicho. Pua ilikuwa imezama kwenye nyama. Mwindaji bingwa akanigeukia, akaniangalia bila kusema neno. Sikutikisa kichwa, na katika kazi ile askari asipotikisa kichwa amekubali. Bunduki ikalia.

Tulipomfikia nilimfuta damu puani kwa leso yangu. Waridi, na vidoa vichache upande wa kushoto. Chonge nyeupe, kali kama za mbwa wa mwaka mmoja. Eksirei iliporudi, uwazi wa jino ulikuwa mpana: miaka minne, labda na nusu. Kampuni ilitozwa faini, mteja akaondoka bila nyara. Kwenye fomu ya safari kulikuwa na nafasi ya maoni ya askari, mistari miwili. Niliandika maneno mawili: "Sikuiona pua."