Ukingoja Mei, bajeti ya kaunti imekupita

Nchini Kenya, mikutano ya bajeti ya kaunti hufurika watu mwezi Mei. Kufikia hapo makadirio ya matumizi yako kwenye bunge la kaunti tayari, maana sheria inataka yawasilishwe kabla ya Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni 30. Ukiinuka siku hiyo kudai zahanati mpya utapigiwa makofi, na habari itaishia hapo.

Mradi huzaliwa kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaofika bungeni kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Kisha kufikia Februari 28 inakuja Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ambayo wananchi wengi hawaijui. Hiyo ndiyo inayoweka kiwango cha juu cha matumizi ya kila idara. Kikishapitishwa, kanuni za fedha za 2015 zinawaruhusu wawakilishi wa wadi kuongeza au kupunguza asilimia 1 tu ya kiwango hicho. Idara ya afya ikipewa shilingi bilioni 2, basi wanaloweza kusogeza Juni ni milioni 20. Kwa hiyo kama nguvu zenu zinatosha mkutano mmoja tu kwa mwaka, uwe wa Februari.

Ombi la "tunataka barabara" halina pa kuandikwa. Karani wa bunge la kaunti anahitaji ukurasa wa kitabu cha bajeti, jina la mradi, kiasi, na pa kutoa pesa, kwa sababu bunge haliwezi kuongeza matumizi mahali bila kupunguza kwingine. Mfano wa maoni yanayoingia kwenye ripoti ya kamati: "Ukurasa 214, ukarabati wa ofisi, milioni 4. Tunaomba milioni 1.5 zihamishiwe mtaro wa soko la wadi yetu, upande wa wauza samaki, ambako maji husimama kila mvua." Karatasi moja yatosha. Toa nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na mhuri wa ofisi ya karani wa bunge la kaunti na tarehe. Bila mhuri huo, baadaye ni neno lako dhidi ya lao.

Msipoteze zamu yenu kudai polisi au madarasa ya shule ya upili. Hayo ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti ina zahanati, masoko, chekechea, maji, barabara za kaunti.

Na ile karatasi ya mahudhurio: soma kichwa chake kabla ya kutia sahihi. Kikiwa kitupu, andikeni wenyewe mada na tarehe, kisha mpige picha. Orodha ya majina ndiyo huja kutolewa kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa, hata kama mlikuja kwa jambo jingine. Ushahidi huo una uzito: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Ada za leseni, soko na maegesho zina njia yake. Zimo katika Mswada wa Fedha wa kaunti, unaopitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti, yaani aghalabu kati ya Julai na Septemba, wakati wengi wameshatawanyika. Ombeni jedwali la ada, la zamani na jipya, mlipange safu kwa safu. Nyongeza kubwa hupenda kujificha kwenye jina la ada lililobadilishwa kidogo.

Kodi ya ardhi ndiyo inayochanganya zaidi. Nairobi ilitoza asilimia 34 ya thamani iliyo kwenye orodha ya uthamini wa viwanja ya miaka ya 1980 kabla ya kuhamia asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Kwa macho kiwango kimeporomoka. Lakini kiwanja kilichoandikwa shilingi 20,000 enzi zile kilidaiwa 6,800. Kikithaminiwa leo milioni 10, kinadaiwa 11,500. Ugomvi wa maana basi uko kwenye thamani, si kwenye asilimia. Orodha mpya ya uthamini ikitangazwa, tafuta namba ya kiwanja chako, linganisha ukubwa na cha jirani, na upeleke pingamizi kwa maandishi kabla ya muda uliotajwa kwenye tangazo kuisha.

Ukinyimwa nyaraka yoyote kati ya hizi, andika ombi ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Hesabu kuanzia tarehe ya mhuri.