Ukurasa unasema niko Dar, na mimi niko Wete

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi nashona na kuuza mabuibui hapa Wete, Pemba, na wateja wengi nawapata mtandaoni. Ukurasa wangu nimekuwekea uutazame. Kuna mmoja tumegombana kwa ajili ya mzigo. Juzi kanitumia kiungo, nikakifungua, kisha akaniandikia: "IP yako nishaipata, nakuja mpaka mlangoni." Kwa khofu nikaitafuta mwenyewe. Kwenye simu, upande wa waifai, naona 192.168.1.7. Kwenye ukurasa wa kuangalia IP naona namba nyengine kabisa, na ramani inasema niko Dar es Salaam. Nikazima waifai nikatumia bando, ikaja nyengine tena, na asubuhi hiyo ya bando ilikuwa imeshabadilika. Namba yangu hasa ni ipi? Na huyu mtu kweli atafika?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Kwa IP peke yake, yaani namba ya anwani ya simu yako kwenye intaneti, hafiki. Iko njia nyengine anayoweza kufika kwayo, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, nitaieleza mwisho.

Ile 192.168.1.7 umepewa na ruta ya hapo nyumbani, na ni ya ndani tu. Muda huu huu ziko simu chungu nzima duniani zenye namba hiyo hiyo na hazigongani, kwa sababu namba zinazoanza na 192.168, na zile zinazoanza na 10, zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazitoki kwenye intaneti. Kumpa mtu namba hiyo ni kama kumwambia unalala chumba cha pili kushoto bila ya kumtajia nyumba.

Ya hadharani ni ile uliyoiona kwenye ukurasa. Ulipofungua kile kiungo, seva, yaani kompyuta ya upande wa pili, iliiandika, pamoja na saa uliyoingia na aina ya simu yako. Kwa hiyo hapo huenda hakukudanganya, anayo. Lakini hiyo si kazi ya ufundi mkubwa: kila ukurasa unaoufungua unaipata, la sivyo ukurasa wenyewe usingejua pa kukurudishia majibu.

Sasa kapata nini? Unakumbuka barua zilizokuwa zikija kwa S.L.P. moja ya skuli nzima? Aliyeishika bahasha alijua skuli na mji wa posta, basi. Mwenye barua ni nani na anakaa mtaa gani, alijua karani aliyezigawa. Bando lako linakwenda vivyo hivyo. Anwani za IP za mtindo wa zamani, hizi za mafungu manne ya tarakimu, hazizidi bilioni 4.3, na ghala kuu la dunia lilimalizika Februari 2011. Kampuni za simu zikaamua kuwabananisha wateja wengi nyuma ya namba moja, na kuwabadilishia kila mara. Ndiyo maana asubuhi uliikuta nyengine; hata ukizima data na kuwasha tena yaweza kubadilika. (Ukiona ndefu yenye herufi na nukta mbili mbili, huo ni mtindo mpya, nao haubanani hivyo.) Karani ni kampuni yako. Ina daftari la laini ipi ilitumia namba ipi na saa ngapi, na laini umeisajili kwa alama za vidole. Polisi wakifuata taratibu hulipata daftari hilo. Mteja aliyenuna halipati.

Na hiyo Dar? Ramani haikuoni. Inakisia tu, kwa kutazama namba zimeandikishwa kwa kampuni gani na zinatokea wapi, na nyaya za intaneti za baharini kama SEACOM na EASSy zinapandia Dar. Huko Marekani kulikuwa na kampuni ya ramani za IP ambayo, ikikosa pa kuiweka namba, iliibandika katikati ya nchi. Katikati hiyo ikaangukia shamba la watu Kansas. Kwa miaka wenye shamba wakagongewa mlango na polisi na watu wenye hasira waliokuwa wakisaka wezi, mpaka habari ilipofichuka 2016. Basi mteja wako akiifuata ramani ataishia Dar, na tiketi ya boti ya Pemba hajaikata.

Pana mahali IP yenyewe ni hatari: penye faiba na anwani isiyobadilika. Kuna nyumba ya wageni kaskazini ya Unguja, mwenyewe aliniita nimkagulie kamera za ulinzi. Nikakaa barazani, nikajitoa kwenye waifai yake nikatumia bando, nikaandika IP yake kwenye simu yangu, nikatia neno la siri lililotoka na mashine kiwandani. Ikafunguka. Nikamuona kijana wa mapokezi anakula embe. Kama huna kamera wala mashine uliyoifungulia njia ya nje, hilo halikuhusu.

WhatsApp nayo ina pahala pa kuficha IP wakati wa kupiga simu. Iko chini kabisa kwenye mipangilio ya faragha. Iwashe. Ukifikiria VPN, ile programu ya kuficha IP yako, jua kwamba tangu 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka watumiaji wajisajili.

Meseji zake usizifute. Zipige picha za skrini zikiwa na tarehe na namba yake, uzipeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Zanzibar pia, na kumtisha mtu mtandaoni ni kosa.

Sasa ile njia nyengine. Namba unayopokelea maagizo ndiyo hiyo hiyo ya kupokelea pesa. Mtu akiiandika kama anayekutumia shilingi elfu, kabla hajathibitisha linamtokea jina lako la usajili, jina kamili, bure. Chukua laini nyengine ya biashara, ya malipo ya duka kama unaweza, itoe jina la duka. Halafu ile picha ya buibui la zari uliyoipiga mlangoni kwako iondoe leo. Nyuma yake unaonekana msikiti, na mimi nisiyekaa Wete nimeutambua.