Tafuta Wapi Kabla ya Kwa Nini: Umeme wa Reli Ndogo kwa Anayeanza

Treni ndogo ya mfano, ile ya umeme inayotembea juu ya meza, ikisimama ghafla, mkono wa anayeanza huenda moja kwa moja kwenye kichwa cha treni. Anakiinua, anakigeuza, anazungusha magurudumu kwa kidole, na kabla ya dakika tano kupita ameshashika bisibisi. Mwaka wangu wote wa kwanza nilikuwa hivyo. Kuna kichwa kimoja nilikifungua mara tatu. Mara ya tatu nikakata waya mwembamba kama unywele unaotoka kwenye dikoda, kile kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri na kuendesha mota, kwenda kwenye mota yenyewe, na ubovu wenyewe haukuwa humo hata kidogo. Ulikuwa kwenye kiungio cha reli, kile kibati kinachounganisha vipande viwili vya reli, mita moja na nusu kutoka pale nilipokuwa nimekaa.

Tangu siku hiyo najilazimisha kujibu swali moja kabla ya kugusa chochote: ubovu uko wapi? Kwa nini umetokea, hilo litajibiwa baadaye, na mara nyingi hujijibu lenyewe ukishafika mahali penyewe. Ukianza na kwa nini, utaanza kutafuta mchawi, na utafungua vitu vizima ukaviharibu.

Naishi Uingereza, na reli zangu ni za kipimo cha OO: mfano wa 1 kwa 76, reli mbili zikiwa zimeachana milimita 16.5. Wenzetu wa Ujerumani na Marekani wengi wako kwenye HO, 1 kwa 87, na upana wa reli ni uleule. Natumia mfumo wa kidijitali wa DCC, ambapo umeme uko kwenye reli muda wote na kila kichwa kina dikoda yake. Kama wewe unatumia kidhibiti (kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli) cha kawaida cha DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu, cha volti 12, karibu yote nitakayosema yanakuhusu pia. Mapenzi yenyewe nilitoka nayo Nairobi. Nilikuwa mtoto, nikasimama kwenye makumbusho ya reli mbele ya Mount Gelai, injini namba 5918, Garratt (injini ya mvuke yenye viungo vya kupindia kwenye kona) ya daraja la 59 iliyoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester. Mnyama wa zaidi ya tani 250 anayetembea kwenye reli za mita moja! Kwa hiyo ninapohangaika na kitu cha urefu wa kiganja, najua ninachokitafuta.

Turudi kwenye umeme. Ubovu karibu wote una tabia moja kati ya tatu. Ama unakaa mahali, ama unasafiri na kichwa, ama unafuata saa. Kuutambua ni kazi ya dakika mbili. Chukua kichwa cha pili unachokiamini, kipitishe pale pale. Kikisimama nacho, tatizo ni la njia. Kikipita vizuri, chukua kile cha kwanza ukipeleke upande mwingine wa meza. Kikisumbua na huko, basi tatizo ni lake. Na kama leo jioni vyote vinapita ilhali mchana vyote vilikwama, andika saa na hali ya joto. Hiyo ni aina ya tatu na nitaifikia.

Kwa uzoefu wangu, mara nyingi zaidi ni njia. Kwanza ni uchafu, na hapo sitakaa sana. Unaposafisha reli tumia kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili, na usisahau magurudumu, kwa sababu ndiyo yanayoueneza ule weusi. Msasa usiuguse. Unaacha mikwaruzo midogo, na uchafu unajishika humo haraka kuliko mwanzo.

Kinachowachanganya wengi ni kinachofuata. Umesafisha, umeweka mita ya kupimia umeme kwenye reli, inasoma volti 14.6, na treni bado haitembei. Mtu anaapa kwamba umeme upo. Ndiyo, upo, lakini mita yako haivuti mkondo wowote wa maana. Kiungio kibovu kinaweza kuipitishia mita volti zote, kisha kikashindwa mara tu mota inapoanza kuvuta. Ni kama bomba lililoziba: ukifunga koki, shinikizo linaonekana zuri, ukifungua, yanatoka matone. Lazima upime ukiwa na mzigo.

Mzigo wangu ni balbu ndogo ya gari, volti 12, wati 5, ile ya taa za pembeni. Nimeipigia solda waya mbili zenye vibanio vya mamba. Usitumie ya wati 21 ya indiketa; inapokuwa baridi inavuta mkondo mkubwa sana kwa kufumba na kufumbua, na kidhibiti kinaweza kudhani ni shoti, yaani umeme umepita mkato kutoka reli moja hadi nyingine. Naiwasha balbu juu ya reli na kupima hapo hapo. Siku ile ya kichwa nilichokifungua mara tatu, bila balbu nilisoma 14.6. Nilipoibana balbu mita ikashuka hadi 8.3, na balbu ikawaka nyekundu kama kaa la moto linalokufa. Nikahamisha balbu upande wa pili wa kiungio: 14.4, mwanga mweupe. Kisha, balbu ikiwa bado inawaka upande ule mbaya, nikaweka ncha mbili za mita kwenye reli ile ile moja, ncha moja kabla ya kiungio na nyingine baada yake. Hapo mita inapaswa kusoma karibu sifuri. Ilisoma 6.1. Volti sita nzima zilikuwa zinapotelea kwenye kipande cha chuma kisichozidi urefu wa ukucha. Nilipokichomoa, ndani kulikuwa na rangi ile niliyopulizia reli zionekane za zamani. Nilikuwa nimeipulizia mwenyewe miezi minne kabla.

Neno moja kwa wenye DCC: mita ya kawaida imetengenezewa mawimbi ya umeme wa nyumbani, siyo ya DCC, kwa hiyo namba utakayoisoma kwenye sehemu ya AC (umeme wa kubadilika mwelekeo) si sahihi kabisa. Haidhuru. Unachofanya ni kulinganisha mahali na mahali, na kwa kulinganisha inatosha.

Dawa ya viungio ni kutovitegemea. Kazi yao iwe kushika reli zisipinde, basi. Umeme ufike kwa waya: chini ya meza pitisha waya mkuu mbili nene, nyekundu na nyeusi, na kila kipande cha reli kipate nyaya zake fupi za kushuka hadi hapo. Reli hizi ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, na ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba tupu, hivyo ukiziachia zibebe umeme peke yake kwa mita nyingi unajipotezea volti.

Unene wa waya mkuu nao usiubahatishe, piga hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani wa takriban omu 0.035 kwa kila mita. Mwisho wa reli yako ukiwa mita 10 kutoka kwenye kidhibiti, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20, omu 0.7. Vichwa vyako pamoja vikivuta ampea 3, zimepotea volti 2.1 njiani. Waya wa 2.5 kwa umbali ule ule na mzigo ule ule utapoteza chini ya nusu volti. Tofauti ya bei ni ndogo. Nunua mnene.

Sasa shoti. Hapa kidhibiti kinakata umeme, kila kitu kinasimama, na anayeanza anahisi ubovu uko kila mahali. Uko mahali pamoja tu. Ondoa kila kichwa na kila behewa lenye taa, chomoa kidhibiti kwenye reli, weka mita kwenye ule mlio wa kupima mwendelezo (inalia ncha zake zikiwa zimeunganishwa), kisha ncha moja kwenye kila reli. Ikilia, shoti ipo kweli kwenye njia au nyaya. Usianze kukagua inchi kwa inchi. Tenganisha waya mkuu katikati. Ikinyamaza upande huu, shoti iko upande ule. Gawa ule nusu tena. Njia yenye sehemu 16 utaipata kwa vipimo vinne. Niliwahi kumwona mzee mmoja wa klabu yetu akitafuta shoti tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, akipiga magoti chini ya meza na tochi mdomoni, kwa sababu alianza mwanzo wa njia akafuata waya mmoja mmoja. Iliniuma kumtazama. Ukitaka kugawa hivyo kwa urahisi, weka viunganishi vya kuchomoa kwenye waya mkuu tangu siku ya ujenzi, kila unapovuka kutoka ubao mmoja kwenda mwingine.

Ukifika kwenye kipande chenye shoti, tazama pointi kwanza, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Katikati yake reli mbili zinakatana, na kile kipande Waingereza hukiita chura. Kikiwa cha plastiki hakina umeme, na vichwa vifupi vinaweza kukwama juu yake. Kikiwa cha chuma, lazima kibadilishe upande kila pointi inapogeuzwa, na lazima reli zinazotoka kwake zikatwe na kuwekewa viungio vya plastiki. Ukisahau vile viungio, njia inakuwa nzima pointi ikiwa imegeuziwa upande mmoja, na inapiga shoti ukiigeuza upande wa pili. Ukiona tabia hiyo, usitafute kwingine.

Shoti ikitokea tu wakati treni inapita juu ya pointi, pima magurudumu. Kwenye OO nyuma ya gurudumu moja hadi nyuma ya jingine la ekseli hiyo hiyo kuwe na takriban milimita 14.5. Yakiwa yamebanana, gurudumu linagusa reli mbili zisizopaswa kugusana, kwa kufumba na kufumbua. Kwenye DC utaona cheche ndogo na treni itaendelea. Kwenye DCC kidhibiti kinaona, kinakata, na meza nzima inasimama. Na njia yoyote inayozunguka na kujirudia yenyewe, kama umbo la tone la maji, itagonganisha reli ya kulia na ya kushoto hata kama hukukosea waya hata mmoja. Hiyo inataka kukatwa reli zote mbili sehemu mbili na kuwekewa kifaa cha kubadilisha upande chenyewe.

Aina ya tatu, ule unaofuata saa, ulinitesa kiangazi kizima. Reli zangu ziko darini, chini ya paa. Kila alasiri ya jua kali kidhibiti kilikata. Ikifika saa tatu usiku kila kitu kizima. Nilibadilisha kidhibiti, nikalipa hela, hakuna kilichobadilika. Kilichonisaidia ni daftari. Baada ya siku tisa za kuandika saa na joto niliona kwamba kidhibiti hakikukata hata mara moja chini ya nyuzi 30. Nikapanda saa tisa alasiri, jasho linanitoka, nikagawa nusu, nusu, nusu, nikafika kwenye mwanya niliokata mwenyewe kwa msumeno mdogo nyuma ya pointi. Nikauangalia kwa kioo cha kukuza. Hapakuwa na mwanya. Reli zilikuwa zimerefuka zikakutana. Mita moja ya reli hizi hurefuka takriban theluthi moja ya milimita joto likipanda nyuzi 20, na mwanya wangu haukuwa mpana kuliko hapo. Nikaukata upya, nikachomeka kipande cha plastiki, nikakishikisha kwa gundi na kukipiga tupa kifuate umbo la reli. Kila mwanya unaoukata, ujaze siku hiyo hiyo.

Ubovu ukisafiri na kichwa, hapo ndipo bisibisi ina haki. Hata hivyo, safisha kwanza magurudumu na vile vibati vinavyoyagusa kwa nyuma ili kuchukua umeme. Kama ni DCC, jaribu kukiita kwa anwani (namba ya dikoda) 3, ambayo ndiyo dikoda mpya huja nayo. Dikoda nyingi zinarudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV 8, moja ya nafasi za mipangilio ya dikoda. Nimeona watu wakitupa dikoda nzima iliyokuwa imepotewa na anwani tu.

Kuna mambo mawili siyabembelezi. Kifaa kinachoingia kwenye umeme wa ukutani, volti 230, hakifunguliwi. Kikifa, nunua kingine. Na usiunganishe mtoko wa transfoma mbili pamoja: ukichomoa moja ukutani huku nyingine inafanya kazi, ile ya kwanza inaweza kufanya kazi kinyume na kutoa umeme wa kuua kwenye pini za plagi uliyoishika mkononi. Nimekuwa fundi umeme kabla sijawa mtu wa reli ndogo, na hili nalisema kwa uzito wote nilionao.

La mwisho ni sarafu. Reli zikiwa na umeme, ilaze sarafu juu ya reli zote mbili. Kidhibiti kikate ndani ya sekunde moja. Fanya hivyo kila kipande, hasa kile cha mbali kabisa, na kila baada ya kazi mpya ya nyaya. Kisipokata, nyaya zako ni nyembamba au solda ni mbaya, na siku treni itakapoanguka hapo, volti 14 na ampea 4 zitatoa wati 56 mahali pamoja. Plastiki ya behewa huyeyuka kwa hizo, na harufu yake haitoki darini kwa wiki nzima. Pale sarafu inapogoma, weka balbu, pima, fuata volti zinapopotelea, ongeza waya wa kushuka, kisha irudishe sarafu ujaribu tena.