Mandolini Huchongwa, Huundwa au Hutengenezwa?

SWALI: Mimi ni fundi seremala, niko Tanga. Nimemaliza mandolini yangu ya kwanza, nikaipiga picha na kuandika chini yake: "Nimechonga mandolini hii kwa mbao yenye nakshi." Mwenzangu wa karakana amenikosoa. Anasema kinachochongwa ni kinyago, ala ya muziki hutengenezwa. Tena, anasema, mbao yangu haina nakshi kwa sababu sikuichora chochote. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye kitenzi nakuunga mkono wewe, mradi mandolini yako ni ya uso uliobinuka. Kwenye nakshi, mwenzako ana haki.

Kila ala ina kazi yake ya mikono, na kitenzi hufuata kazi hiyo. Ngoma huwambwa. Gambusi la pwani yetu huchongwa kutoka gogo moja, kisha hutiwa ngozi, kwa hiyo lina vitenzi viwili: huchongwa na kuwambwa. Udi hauchongwi hivyo. Tumbo lake ni vibale vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kwa moto na kuunganishwa kwa gundi kimoja baada ya kingine. Hapo neno linalofaa ni kuunda, lile lile tunalolitumia kwa jahazi. Mandolini ya Napoli, yenye mgongo wa mviringo, imo katika kundi hilo la udi. Ukisema umeiunda, msikilizaji anaviona vile vibale.

Mandolini ya Kimarekani ni kazi nyingine. Mwaka 1898 Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mandolini ambayo uso na mgongo wake ulichongwa ukabinuka kama wa fidla. Hata mbavu alizichonga pamoja na shingo katika pande moja la mti badala ya kuzikunja. Siku hizi mbavu hukunjwa kwa joto, lakini uso na mgongo bado huchongwa. Fundi hupasua katikati kipande cha sprusi, mti wa jamii ya msonobari, akavifungua vipande viwili kama kurasa za kitabu, akaviunganisha, kisha akaanza kula mbao kwa bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo. Hufuatia randa ndogo za kiganjani, halafu bamba la kukwangulia. Katikati huacha unene, ukingoni hupunguza, na kila baada ya muda hugonga kwa kidole na kutega sikio. Kama hii siyo kuchonga, basi sijui kuchonga ni nini. Kinyago hakina hatimiliki ya kitenzi hiki. Mtumbwi nao huchongwa, na mwiko pia.

Na kutengeneza? Si kosa, ila ni neno pana mno. Ukiandika "nimetengeneza mandolini", nusu ya wasomaji wataelewa kwamba ilikuwa mbovu ukaikarabati. Kwa fundi aliyeianza na pande la mti, huko ni kupunjwa sifa.

Sasa nakshi. Nakshi ni urembo uliotiwa na mkono wa mtu: ile iliyo kwenye milango ya Lamu na Unguja, au kile kikono kilichojikunja kando ya mandolini za Gibson za aina ya F-5. Nadhani wewe ulikusudia michirizi inayoonekana kwenye mgongo wa mepo, mti mgumu unaoitwa "maple" kwa Kiingereza, lakini hiyo haikutiwa na mtu. Nyuzi za mti huo zilikua kwa kupindapinda badala ya kunyooka. Msumeno ukipita, mahali pengine hukata ncha za nyuzi na mahali pengine hupita ubavuni mwake. Ncha humeza mwanga, ubavu huurudisha, ndiyo maana ukiigeuza mandolini michirizi huonekana kama inahama. Ni nyuzi hizo hizo zinazonyofoka randa ikienda vibaya, na nadhani umeshakutana nazo. Ningesema "mbao yenye mawimbi". Kama ina vidoadoa vya duara, sema "yenye macho". Yote mawili mnunuzi ataelewa bila kuelezwa.

Kama mbao yako ni mepo, sentensi yako basi iwe: "Nimechonga mandolini hii kwa mbao ya mepo yenye mawimbi." Umeandika "mandolini hii" na hapo hukukosea, nyingi ni "mandolini hizi". Ukiipeleka kwa mwanamuziki, ataipiga. "Kucheza mandolini" tuwaachie wanaoinuka kucheza inapopigwa.