Inveta inazima friji likitaka kuwaka usiku, betri inasoma volti 12.6: pima haya kabla hujanunua betri

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Mfumo wa sola wa volti 12, betri mbili za maji zimefungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), inveta ya wati 1500. Mchana mambo safi, ila jua likishazama, friji likitaka kuwaka tu inveta inapiga mlio na kuzima, na ukienda kutazama kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli) inakusomea volti 12.6. Waliotangulia wamekwambia betri zimekwisha, nunua nyingine. Huenda wamepatia, lakini kwa maelezo hayo pekee ni kubahatisha, na betri ni kitu ghali mno kukibahatisha. Mimi naishi na sola ya namna hii na nimefuatilia hitilafu kwenye mifumo ya jamaa kadhaa. Dalili kama zako nimezikuta zikitoka kwenye waya mara nyingi kuliko kwenye betri.

Kwanza hiyo 12.6 iweke kando. Umeisoma inveta ikiwa imeshazima, maana yake betri ilikuwa imetuliwa mzigo, yaani hakuna kifaa kilichokuwa kinavuta umeme. Betri ya risasi hata ikiwa mbovu, ukiitua mzigo volti zinapanda tena. Halafu betri iliyotoka kuchajiwa jioni huwa na volti za juujuu ambazo hazina nguvu nyuma yake. Kipimo cha betri iliyopumzika kina maana ikishakaa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika: hapo 12.7 imejaa, 12.2 ipo nusu hivi, 11.9 kwenda chini haina kitu.

Kinachoizima inveta ni volti zinazofika kwenye taminali zake yenyewe wakati mzigo unavuta. Nyingi za volti 12 huanza kulia karibu na 11 na hukata karibu na 10.5. Kati ya betri na hizo taminali kuna nyaya, vichwa vya nyaya (vile vipande vya chuma vinavyobanwa mwishoni mwa waya), fyuzi, pengine na swichi, na kila kimoja kinakula volti zake. Friji dogo la wati 120, kompresa yake inapoanza huweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa muda usiofika hata sekunde. Upande wa betri hizo zinaweza kuwa ampea 60 na ushee. Sasa njia nzima ikiwa na ukinzani wa miliohmu 15 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukipima kwenye ohmu, tayari umepoteza karibu volti 0.9. Mchana huoni kitu kwa sababu paneli zinasukuma na betri ipo 13.5 au zaidi: toa 0.9, bado uko salama. Usiku betri nzima kabisa yenye 12.4 inashuka yenyewe kidogo ikibebeshwa mzigo, toa tena hiyo 0.9, inveta inaanza kulia. Hitilafu ilikuwepo mchana kutwa, paneli zilikuwa zinaifunika tu.

Kwa hiyo pima usiku, au zima paneli, na pima mzigo ukiwa umewashwa. Friji halifai kwa kipimo hiki kwa sababu mshtuko wake ni wa haraka mno kwa mita ya kawaida. Tafuta mzigo unaotulia, kitu cha kupasha joto cha wati 500 hadi 1000. Pasi inafaa, ila inajizima ikishapata moto, basi soma haraka. Mita iwe kwenye volti za DC. Soma kwanza kwenye betri, ncha za mita zikigusa risasi ya taminali yenyewe, usiguse kichwa cha waya kilichofungwa juu yake. Kisha soma kwenye taminali za inveta. Wati 1000 kwenye volti 12, ukijumlisha na hasara ya inveta, ni ampea 90 hivi. Kwa mkondo huo mimi nikiona tofauti ya zaidi ya volti 0.3 kati ya sehemu hizo mbili, siendelei na jambo lingine lolote mpaka nimejua imepotelea wapi.

Kuitafuta ni rahisi. Mzigo ukiwa unawaka, ncha moja ya mita iweke kwenye risasi ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya kilichofungwa hapo hapo. Kiungo kizuri kinasoma milivolti chache. Fanya hivyo kila kiungo: kichwa na waya wenyewe, fyuzi upande huu na upande huu, swichi, mpaka ufike kwenye inveta, halafu rudi kwa upande wa hasi ambao watu wengi husahau kuupima. Kwangu volti 0.6 zilikuwa zinapotelea kwenye kichwa kimoja ambacho fundi aliyefunga mfumo alikibana kwa nyundo badala ya koleo la kubania. Kwa nje kinang'aa, ukikivuta hakitoki. Lakini 0.6 mara ampea 90 ni wati 54, joto la pasi ya kuchomelea waya za redio, limekaa ndani ya kichwa cha waya kilichofungwa kwa plastiki. Plastiki ilikuwa imeanza kubadilika rangi na hakuna aliyekuwa ameitazama. Kichwa kipya, kikabanwa inavyotakiwa, inveta ikanyamaza na betri zile zile zikaendelea na kazi.

Unene wa waya nao usiuamini kwa kuutazama, maana kuna waya wenye plastiki nene na shaba kiduchu. Shaba ya milimita za mraba 6, kwenda mita mbili na kurudi mita mbili, kwa ampea 90 inakula zaidi ya volti moja. Ya 16 kwa umbali huo huo inakula kama 0.4. Ya 35 haifiki 0.2. Kwa inveta ya wati 1500 kwenye volti 12 mimi nisingeshuka chini ya 35, na ningeisogeza inveta karibu na betri kuliko kurefusha waya.

Ikitokea volti zimeporomoka kwenye betri yenyewe, hapo ndipo tunarudi kwa waliokwambia betri. Lakini kufa na kutojaa ni mambo mawili tofauti. Tenganisha hizo mbili, maana zikiwa sambamba mita inakuonyesha namba moja kwa zote, na yenye seli mbovu inainyonya mwenzake usiku kucha. Kila moja ichajiwe peke yake mpaka ijae, ipumzike, ipimwe, kisha ibebeshwe mzigo peke yake. Kwa kuwa zako ni za maji una bahati, haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya asidi ya betri, itakuambia hali ya kila seli: iliyojaa inasoma karibu 1.265 au juu kidogo, na seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.05 betri hiyo ina ugonjwa ambao chaji ya kawaida haiondoi. Betri yenye seli iliyopiga shoti huwa inaganda karibu na volti 10.5, hata ufanyeje.

Seli zote zikiwa chini kwa usawa, huenda betri ina njaa tu, yaani haijawahi kujaa. Angalia kontrola imewekwa aina gani ya betri. Betri za maji kwa kawaida zinataka kufikishwa karibu 14.4 na kukaa hapo kwa muda, ndipo zishushwe 13.5 hivi za kulinda. Kontrola ikiwa kwenye mpangilio usio wake zitaishia njiani kila siku, na risasi salfeti inagandamana kwenye bamba mpaka haiyeyuki tena. Angalia pia inveta inakula nini ikiwa haina mzigo. Zipo zinazotumia wati 20 hadi 50 kwa kuwashwa tu. Chukua 30: kwa siku nzima ni saa-wati 720, yaani ampea-saa 60 za betri ya volti 12, na hujawasha hata taa. Watu wanahesabu taa na televisheni, hii hawaihesabu kabisa.

Wakati unazirudisha sambamba, chanya ya kwenda kwenye inveta itoke betri ya kwanza na hasi itoke betri ya pili. Zikitoka zote betri moja, hiyo moja itafanya kazi kubwa na itachoka kabla ya mwenzake.

Volti zikiwa nzuri kote kote na bado inazima, basi tatizo ni inveta yenyewe au friji. Wati 1500 za kwenye lebo wakati mwingine ni za sekunde chache, za kudumu ni nusu yake, soma maandishi madogo. Na inveta isiyotoa wimbi safi la saini (pure sine wave) huitesa kompresa: utasikia friji linaunguruma vibaya na mwili wake unapata moto.

Kuna mtu hapo juu ameuliza kuhusu betri za lithiamu. Kwa aina ya chuma-fosfati volti hazikusaidii kujua kiasi kilichobaki, maana karibu safari yote inakaa 13.1 hadi 13.3. Na ukipima ukakuta sifuri ghafla, usidhani imekufa. Saketi ya ulinzi iliyo ndani, hiyo BMS, ndiyo imefungua mlango. Mara nyingi chaji inayolingana na betri hiyo huiamsha, halafu utafute kwa nini ilijifunga.

Kabla hujashika spana: vua pete na saa, mpini wa spana uzungushie tepu, fungua madirisha kwa sababu betri za maji zikichajiwa hutoa haidrojeni. Kata paneli kwanza ndipo ukate betri kwenye kontrola, na wakati wa kurudisha betri itangulie. Kontrola nyingi haziipendi paneli bila betri.

Ukimaliza weka hapa: volti za betri na za inveta kwa mzigo ule ule, wati za mzigo, unene na urefu wa waya, na haidromita ya seli zote 12. Picha ya vichwa vya nyaya pia, upande wa kilipobanwa.