Ufunguo wa stoo uko kwa nani?

SWALI: Mwalimu, naratibu michezo ya Jumamosi kwenye ukumbi wa kijamii huku Makadara: kandanda, netiboli na densi. Nina vijana 9 wa kujitolea, wote wamepita miaka 18. Nimewapeleka semina 2 za uongozi na vyeti wanavyo. Juzi niliugua wiki 3, na wiki zote hizo hakuna kilichochezwa. Watoto walikuja, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi nyumbani. Je, nitafute semina nyingine, au vijana hawa hawana moyo?
Mratibu, Makadara

JIBU: Pole kwa kuugua, dada. Kabla hujawalaumu, nikuulize: siku zile ulipolala kitandani, ufunguo wa stoo ya mipira ulikuwa wapi? Namba ya msimamizi wa ukumbi iko kwenye simu ya nani? Hela ya maji inatoka M-Pesa ya nani? Nahisi jibu ni wewe mara zote 3. Kijana mwenye vyeti viwili asiyeweza kutoa mpira stoo hana cha kuongoza. Moyo anao, la sivyo angeshaenda kutafuta kibarua Jumamosi hiyo.

Semina ya tatu iache kwanza. Nakwambia hivyo nami riziki yangu ni semina.

Andika kila unachofanya kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi jioni, hata kile kidogo, kama kumpigia refa simu Ijumaa kumkumbusha. Kisha toa kazi moja nzima, usimege vipande. Tuseme netiboli: ratiba, refa, vifaa, daftari la mahudhurio, hata ugomvi wa wazazi. Wape vijana wawili, mmoja mzoefu na mmoja mgeni. Wiki ya kwanza wakutazame, ya pili mfanye pamoja, ya tatu waendeshe wewe ukiwa benchi. Ya nne nenda sokoni Gikomba ukanunue nguo. Uende kweli, usijibanze nyuma ya ukumbi ukichungulia.

Penye kazi ni hapo benchi. Mechi ikichelewa dakika 20, mkono utakuwasha kushika filimbi. Mwaka wangu wa kwanza niliishika, mbele ya watoto, na kijana aliyekuwa akiongoza hakusikilizwa tena msimu mzima; walishajua mwenye uwanja ni nani. Vumilia hadi mwisho, kisha keti na kijana wako dakika 10 umuulize: kilichoenda sawa ni kipi, ulikwama wapi, Jumamosi ijayo utabadili nini? Aanze yeye kusema. Ukianza wewe, atakubali kila kitu na hatajifunza chochote.

Usalama wa watoto ni jambo jingine. Hapo hakuna kujaribu na kukosea. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwa kapteni au refa, lakini awepo mtu mzima anayewajibika. Asiwepo mtu anayebaki faraghani na mtoto mmoja. Mtoto akisema anaumizwa nyumbani, habari ikufikie siku hiyo hiyo, nawe uifikishe ofisi ya watoto. Haya wafundishe kabla hujawapa filimbi.

Kuhusu pesa, iondoe kwenye simu yako. Sheria ya Kenya ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, nanyi, wale 9 pamoja nawe, mmetimia. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mkishasajiliwa mnaweza kufungua akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, usiwe wewe tu.

Kama unadhani vijana wa mtaani hawawezi kubeba uzito huo, tazama Mathare, Nairobi. Chama cha michezo cha MYSA kilianza huko 1987, na Bob Munro, Mkanada aliyekianzisha, aliwaachia vijana wenyewe kuendesha ligi. Timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake. Vijana wanaojitolea nao hukusanya pointi zinazoweza kuwasaidia kulipa karo. Hilo la karo ndilo ningependa ulitafakari, maana kujitolea kwa tumbo tupu hakudumu. Nauli na chakula cha mchana viwe kwenye bajeti, sio hisani yako.

Jambo dogo la mwisho: mikutano yenu ni saa ngapi? Ikiwa ni saa moja usiku, wasichana hawatakuja, kisha mtasema hawapendi uongozi. Mkutane Jumamosi mara tu mechi zikiisha, jua likiwa bado liko juu.

Kuhusu ule ufunguo: ikiwa kufuli ni la ukumbi, zungumza na msimamizi kwanza. Ikiwa ni lenu, mpelekee fundi akuchongee wa pili wiki hii hii.