Kabla hujatafuta kolajeni, tafuta barafu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Kigoma anayesoma chuo alinipigia simu. "Dada, nataka kutoa kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa, kwenye ngozi ya sangala kwa ajili ya utafiti wangu. Nianze na kemikali gani?" Nikamwambia aanze na barafu. Akacheka. Mimi sikucheka, maana kicheko changu kiliishia kwenye treni miaka kadhaa iliyopita.

Safari ile nilinunua ngozi mwalo wa Kibirizi jua likiwa limeshachomoza vizuri, kwa watu wanaotoa minofu. Nikazipanga kwenye deli, nikatupia barafu kidogo juu, nikapanda treni ya Reli ya Kati kwenda Dar es Salaam, kwenye maabara yenye mashine. Hata Tabora hatujafika, barafu ilikuwa maji. Nilipofungua deli mwisho wa safari, maji yale yalikuwa yanateleza vidoleni kama supu ya makongoro iliyopoa. Nikajipa moyo, nikaendelea na kazi wiki mbili nzima. Nilichopata ni jelatini.

Mfano wa makongoro si utani. Kolajeni ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu za protini, nyembamba mno, urefu wake kama nanomita 300. Ukiichemsha, msokoto unafumuka. Ikipoa inaganda na kutikisika kwenye sahani, na hiyo ndiyo jelatini, lakini haijirudishi kuwa kamba ile ya mwanzo. Ya ng'ombe huvumilia mpaka karibu nyuzijoto 40. Ya samaki wa bahari za baridi huweza kufumuka kwenye 15 tu. Samaki wetu wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji ya vuguvugu, kwa hiyo kolajeni yao ina uvumilivu zaidi, ila usijidanganye kwa hilo. Ngozi ikikaa kwenye joto, bakteria na vimeng'enya vya samaki mwenyewe huanza kuitafuna kabla hata msokoto haujafumuka. Ndiyo maana kila hatua hufanywa kwenye nyuzijoto 4. Kila hatua, hata kuosha.

Siku hizi nagandisha ngozi bapa, kwenye vifurushi vidogo, mpaka ziwe ngumu kama ubao, ndipo nisafiri. Wachuuzi wa samaki ndio walionifundisha kuzungushia maranda, barafu inadumu.

Jambo la pili ni kuchagua sehemu ya mnyama kufuatana na aina ya kolajeni unayotaka. Aina zinazojulikana ni 28, na mwanafunzi hawezi kuzikimbiza zote. Aina ya I imejaa kwenye ngozi, mifupa na kano. Aina ya II ni ya gegedu. Ukiitaka, achana na ngozi, nenda kwa mchinjaji umuombe gegedu jeupe la kwenye maungio au la pua ya ng'ombe. Sikio liache, lina elastini nyingi, protini nyingine inayovutika, itakayokusumbua. Aina ya III huambatana na ya I kwenye ngozi na mishipa ya damu, na ngozi ya ndama inayo nyingi kuliko ya ng'ombe mzee.

Kazi yenyewe haina maajabu. Katakata vipande vidogo, loweka kwenye sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (M ni kipimo cha ukolezi; hapa ni gramu 4 kwa lita) uondoe protini nyingine, ukibadilisha maji yake mara kadhaa. Ondoa mafuta kwa butanoli ya asilimia 10. Osha mpaka maji yasiwe na ukali. Kisha asidi asetiki ya 0.5 M, siku mbili au tatu, ukikoroga polepole. Hiyo ni laini kidogo kuliko siki ya jikoni: kama mililita 29 za asidi asetiki isiyochanganywa na maji kwa lita, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, si kinyume chake.

Kano la ng'ombe mzee litakukatalia. Nyuzi zake zimefungamana kwenye ncha, asidi peke yake haifui dafu. Hapo tia pepsini, kimeng'enya cha tumboni: inakata zile ncha na kuuacha msokoto mzima. Lakini kama joto lilishaufumua, pepsini itaumega wote. Umeona tena barafu inavyorudi.

Kutenganisha aina ni kazi ya chumvi. Kwenye asidi, aina za I na III hutuama pamoja kwenye chumvi ya 0.7 M, ya II kwenye 0.9, ya V kwenye 1.2. Ongeza chumvi taratibu, usimwage kama unaunga mchuzi.

Sasa uhakiki, na hapa ndipo nilipoaibika mara ya pili. Kwenye elektroforesi, yaani kuzivuta protini kwa umeme ndani ya jeli, aina ya I huonyesha mistari miwili ya nyuzi zake, alfa 1 na alfa 2, wa alfa 1 ukiwa umekolea takriban mara mbili ya wa alfa 2. Aina ya II ina alfa 1 peke yake. Nilipopima ngozi ya ndama sikuona aina ya III, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba haipo. Kumbe nyuzi zake tatu zimeshikwa na viungo vya salfa, zikabaki juu ya jeli kama mzigo uliokwama mlangoni. Bila merkaptoethanoli, kemikali inayokata viungo hivyo, hazishuki. Na usishtuke mistari ikisoma kama kilodaltoni 130 (kipimo cha uzito wa molekuli) wakati uzito halisi wa uzi ni karibu 100. Kolajeni hutembea polepole kuliko protini za kulinganishia.

Kipimo cha bei nafuu ni mwanga. Kolajeni safi hufyonza karibu na nanomita 220 hadi 230, na kwenye 280 karibu hakuna kitu, kwa sababu haina triptofani, asidi amino inayofyonza sana hapo. Ukiona mlima kwenye 280, rudi ukaoshe.

Kijana nimemuelekeza kwa mama mmoja pale Kibirizi. Afike alfajiri, mitumbwi ikiwa inaingia. Nami nimemwambia yule mama, "Mama, kuna mdogo wangu anakuja." Akaniuliza kama na huyu naye atalipia barafu kwanza ndipo alipie ngozi.